Sikio la Kushoto

Ungekuwa hapa kwangu ningekuomba kwanza ukae upande wa kulia. Kushoto sisikii. Daktari wa kwanza alisema ni nta, wa pili akasema ni uzee, na wote wawili walimulika ndani wakakuta sikio zima kabisa. Mimi najua siku lilipozima na najua mahali. Haya yalinipata mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe nilikuwa nimeiacha tangu kipaimara cha mwanangu wa kwanza. Najua pia utakachosema ukisikia ni Sumbawanga. Watu wa mikoa mingine wakilisikia jina hilo hucheka, au husogeza kiti kidogo. Subiri. Kisa hiki hakiendi huko unakodhani.

Nilikuwa fundi wa magari katika shirika moja la umma. Shirika likauzwa, tukapunguzwa kazini, nami nikachukua kiinua mgongo changu nikafungua kibanda cha spea pale Katandala. Soko lilikuwa limefunguliwa na kila kitu kinaingia. Pikipiki za Kichina zikaanza kufika hadi vijijini. Mtu alikuwa anauza ulezi na mahindi ya msimu, anaondoka na gunia begani na kurudi na pikipiki, na watoto wanaikimbilia kama ndege imetua.

Pikipiki zile zilikuja na taa hafifu. Watu wakataka taa kubwa, zile za kununua pembeni, zinazokuja kwenye boksi na uso wake wa plastiki. Taa yenyewe ilikuwa na mwanga mzuri, nisiisingizie. Ubovu ulikuwa kwenye masikio. Sisi mafundi tunaita masikio vile vipande viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vyenye tundu la bolti, vinavyoishikilia taa kwenye shokapu za mbele. Yalikuwa ya plastiki nyembamba, makavu kama ganda la karanga. Barabara ya Matai enzi hizo ilikuwa ya vumbi na mawe. Baada ya wiki tatu sikio linapasuka, taa inainamisha kichwa na kumulika tairi. Mwenye pikipiki anakuwa na taa inayowaka na haoni mbele.

Mengine yalifika yameshapasuka ndani ya boksi. Ungefanya nini? Nitakwambia nilichofanya mimi. Nilichukua supa glu, nikapaka kwenye ufa, nikanyunyizia majivu ya mkaa yaliyochekechwa. Glu na majivu vikikutana vinafuka moshi kidogo na kuwa vigumu kama jiwe, kwa muda. Kisha nilipitisha dawa ya viatu nyeusi kwa kidole gumba ili ule mstari wa kijivu usionekane. Nikarudisha taa kwenye boksi, nikauza kama mpya. Pikipiki yangu mwenyewe niliipeleka kwa mchomeleaji, akaitengenezea masikio ya chuma. Hilo nalo ulijue.

Siku moja alikuja Deusi. Alikuwa mkulima wa kijiji kimoja karibu na Msanzi, sitakitaja, kijana wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa kwaya kigangoni kwao. Alikuwa na sauti ambayo hata akiuliza bei ungedhani anaanzisha wimbo. Alifuatana na mama yake mdogo, Bibi Felista, aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki. Deusi alichagua taa, nikaitoa kwenye boksi. Ilikuwa mojawapo ya zile.

Bibi Felista aliichukua mikononi. Aliigeuza kama mtu anayekagua kibuyu sokoni, akaweka kidole gumba kwenye sikio la kushoto na kukandamiza. Kidole kikatoka cheusi.

"Baba," akaniambia, "hiki kitu kinavaa viatu?"

Watu waliokuwa kibandani wakacheka. Nikacheka nao. Nikasema ni grisi ya kiwandani.

"Mwanangu, kiache," akamwambia Deusi. "Chombo hiki kitakuua."

"Mama," nikamjibu mimi, "taa haijawahi kuua mtu."

Wakacheka tena, na Deusi akacheka kuliko wote. Nikamfungia taa mwenyewe. Niliikaza bolti ya kushoto taratibu, kwa sababu nilijua nikizidisha itapasukia pale pale mbele yake.

Alifariki kabla mwezi haujaisha. Alikuwa anatoka Matai jioni, ukungu umeshuka, akaingia kwenye kalavati. Nilikwenda msibani kwa sababu alikuwa mteja wangu. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba, nikazunguka kuitazama. Taa ilikuwa inaning'inia kwa waya. Sikio la kushoto lilikuwa limeachia pale pale kwenye mstari wangu, na majivu yangu yanaonekana. Nilisimama pale. Nakumbuka nilihisi njaa, basi.

Matanga yakaisha, maneno ya uchawi yakaanza. Nani alisema chombo kitamuua? Nani aliigusa taa kwa kidole, na kidole kikatoka cheusi? Wale waliocheka kibandani kwangu walikuwa wamekwenda kulisimulia jambo hilo kama kichekesho, na sasa halikuwa kichekesho tena. Ukoo ukakaa kikao. Wakaniita nami niwe shahidi, mtu wa mjini, niliyesoma hadi kidato cha nne, nisiye na upande.

"Fundi, wewe ulikuwepo," mkubwa wa ukoo akaniuliza. "Huyu mama aliigusa taa au hakuigusa?"

"Aliigusa."

"Wapi?"

"Kwenye sikio la kushoto."

"Na alisema nini?"

"Alisema kile chombo kitamuua."

Unaona? Sikusema uongo hata neno moja. Bibi Felista alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Hakunibishia. Aliniangalia tu, na mpaka leo naamini alikuwa anasubiri niendelee, kwa sababu yeye na mimi ndio tuliojua kwamba yapo mengine ya kusema. Nilikaa chini. Jioni ile ile waliezua bati za nyumba yake, naye akaondoka na fungu la nguo kwenda Matai, akapokewa na ndugu mmoja aliyempa jiko la nje alale humo.

Mimi nikaendelea kuuza taa.

Sasa ndiyo nafika kwenye lenyewe. Ilikuwa miezi mitano baadaye, mwezi wa sita, wakati baridi ya Ufipa inapasua midomo. Nilikuwa napeleka Matai boksi la taa kumi na mbili, nimelifunga nyuma kwa mpira. Niliondoka alfajiri. Nilipokaribia Msanzi kulikuwa kumeshaanza kupambazuka, ila ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mchana wenyewe haukuwa na faida. Nikawa natembelea gia ya pili.

Mbele yangu nikaona mwanga. Ulikuwa chini, duara la ukubwa wa ungo, ukitembea juu ya vumbi. Sikuogopa. Ungeogopa nini? Niliona taa iliyoinama, na ugonjwa huo niliujua kuliko mtu yeyote mkoa mzima. Nikaongeza mwendo nimfikie mwenzangu nimwambie asimame, akizidi kwenda hivyo ataingia mtaroni. Nilipomkaribia ndipo nikagundua kwamba nasikia injini moja tu, nayo ni yangu.

Tukawa sambamba, yeye kushoto. Alivaa koti zito, kichwa wazi. Aliachia usukani, akakutanisha viganja vyake na kupiga makofi ya polepole, kiganja kwa kiganja, kama tunavyomsalimu mkubwa huku kwetu. Mikono yote miwili. Pikipiki ikaenda mbele imenyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu.

Niamini, mdomo ulijibu wenyewe. Tumelelewa hivyo, salamu haiachwi chini. Lakini nilipomaliza kujibu nilikuwa nimeshaitambua sauti. Ungeitambua hata wewe, kama ungewahi kukaa ibada moja tu kigangoni kwao.

"Mzee, sikio la kushoto limeachia," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa mteja. "Unalo lingine?"

Nyuma yangu nilikuwa na kumi na mbili. Nikamwambia, "Sina. Mzigo haujafika."

Nimejiuliza miaka yote kwa nini nilisema vile. Labda ni mazoea ya kudanganya. Labda pia, kwa mara ya kwanza, sikutaka kumuuzia. Sijui. Nisingependa kujipamba.

"Basi niazime lako," akasema.

Akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba kwenye sikio langu la kushoto na kukandamiza, taratibu, jinsi mama yake mdogo alivyokandamiza kibandani. Hakikuwa na baridi wala joto. Ilikuwa kama unapoguswa fizi baada ya sindano ya ganzi, unajua umeguswa lakini aliyeguswa ni kama mwingine. Kisha nikasikia kitu kinakatika mbele yangu, taa yangu ikainama na kumulika tairi, na pale kando hapakuwa na mtu.

Nikasimamisha pikipiki. Sikukimbia, sikupiga kelele. Nilikaa juu ya jiwe la barabarani mpaka jua likapata nguvu na ukungu ukaanza kuinuka.

Wa kwanza kunikuta alikuwa Msukuma mmoja wa wale wanaohamia na ng'ombe wao, anaswaga kundi kuelekea malishoni. Nilimwona akija, ng'ombe wakiwa kushoto kwangu, kengele zinacheza shingoni mwao, nami sisikii. Alilazimika kuzunguka upande wa pili.

"Shikamoo, mzee. Umeanguka?"

Nikamwambia hapana.

"Mbona taa yako inaangalia chini kama mkwe?" Akachekacheka, akaichungulia. Sikio la chuma, chuma kilichochomelewa, lilikuwa limekatika kama biskuti. Akaacha kucheka. Akanitazama usoni. "Mzee, sikio lako lina nini? Limepakwa dawa ya viatu."

Nilipangusa kwa kiganja, kikatoka cheusi.

Boksi lile nililifungua pale pale nikazikanyaga taa zote kumi na mbili. Msukuma aliniuliza kama nauza vile vioo. Nikamwambia haviuzwi tena.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa ukoo wa Deusi. Nikawaeleza yote: ufa, glu, majivu, dawa ya viatu, na kwamba mama wa watu aliugusa ubovu wangu na kuusema mbele yangu. Nikawaonyesha taa ya Deusi, waliyokuwa wameiweka darini. Nikawaeleza na la asubuhi, nikidhani ndilo litakalowathibitishia. Walinisikiliza vizuri sana. Mkubwa wa ukoo akaja akapiga vidole karibu na sikio langu la kushoto, mara moja, mara ya pili. Sikusikia.

"Pole, fundi," akasema. "Kumbe na wewe ameshakufikia."

Ndivyo ilivyokuwa. Uziwi wangu ukawa ushahidi mwingine juu ya Bibi Felista. Ushahidi wangu wa mwanzo, uliokuwa nusu, waliuamini. Uliotimia walisema ni maneno aliyonitia mdomoni yule mama. Ningesema siku ya kikao, sikio likiwa zima, nani angebisha? Nilichelewa miezi mitano, nami ndiye niliyejichelewesha.

Nikaendelea hadi Matai. Nilimkuta Bibi Felista mbele ya jiko lake anapukuchua mahindi, amejifunga shuka mbili kwa baridi. Alinikaribisha kigoda. Nilikaa, na kwa kuwa nilikuwa sijazoea hali yangu, nilikaa vibaya, yeye akawa kushoto. Nikasema yote nikiangalia mahindi. Nikasema ni mimi, si wewe, na nilijua tangu siku ile. Nikamwomba msamaha.

Mikono yake ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea kupukuchua. Nikasubiri. Nilipoinua macho nikaona midomo yake ndiyo kwanza inafumba. Alikuwa ameshajibu.

Sikulisikia jibu. Na sikuweza kumwambia arudie. Mtu umemvunjia nyumba, utamwambiaje arudie? Nikapiga makofi ya kuaga, naye akanijibu kwa kichwa. Nilirudi mara nyingi na sukari na sabuni, na mara mbili na mablanketi, akapokea kila kitu. Tuliongea habari za mvua na mbolea. Lile hatukuligusa tena. Alifia Matai akazikwa huko huko, mbali na kaburi la Deusi.

Utaniuliza, mzee, unatuambia bibi yule hakuwa mchawi, halafu unatuambia umesalimiana na marehemu? Ndiyo. Nakwambia yote mawili. La pili sina maelezo yake. La kwanza ninayo, yamo kwenye kopo la chai kabatini kwangu, kipande cha plastiki cha taa ya Deusi, chenye mstari wa majivu.

Kwa hiyo nakuonya. Ukisikia fulani amerogwa, usiitikie haraka. Nenda nyuma ya nyumba kwanza, kaangalie kilichokatika na aliyekiunga. Na ukiitwa shahidi, usijibu ulichoulizwa tu ukakaa chini. Endelea mpaka mwisho, wakati watu bado wanakusikia na wewe bado unasikia.

Mwanangu aliyerithi kibanda anauza taa za masikio ya chuma. Mimi hukaa mlangoni. Kukiwa na ukungu asubuhi hugeuza kiti, sikio la kushoto likaelekea barabarani, nikasubiri labda lile jibu litafika. Halijafika.