Mpangilio wa Dawa Uliokatika Katikati

Kaka yangu alipiga simu kutoka Koboko asubuhi, sauti ikija na kupotea. Mama, anayekaa naye, alikuwa ametoka hospitali Kampala juzijuzi tu, na sasa miguu ilikuwa imevimba tena.

"Daktari anasema atakutumia mpangilio mpya wa dawa," alisema. "Angalia kwenye barua..."

Simu ikafa. Mnara wa kwao ulikuwa umeharibika, sikumpata tena.

Barua pepe zangu hukaa kwenye seva ya chuo ninachofundisha hapa Arua, mashine ya Unix tunayoitumia walimu wote. Barua ya daktari ilikuwa imefika, na viambatisho vyake: majibu ya vipimo na jedwali la dawa. Lakini skrini yake nyeusi, ya kuandikia amri tu, haifungui viambatisho. Ilibidi nivihamishie kwenye laptopu yangu, nivisome Koboko bila mtandao.

Nikaandika amri ya kuvuta barua zote na kuzifuta kwenye seva. Mwenzangu anayeitunza mashine akanishika mkono.

"Dada, usifute bado. Umeme ikikatika, utakosa huku na huku. Kwanza nakili. Na hii folda unawekea iko ya watu wote, kila mutu atasoma ugonjwa ya mama. Weka kwako, ufunge."

Nikafanya hivyo, kwa haraka, nimekasirika kidogo. Gari la kwenda Koboko lilikuwa langoni, dereva anapiga honi. Faili lilianza kushuka. Kisha taa zikazimika, na seva nayo ikanyamaza.

Nilifungua kilichokuwa kimefika. Daktari alimsalimu mama, akaandika: "Kile kidonge cheupe msimpe zaidi ya". Basi. Baada ya hapo hakuna kitu.

Mwenzangu alitoka mbio kutafuta dizeli ya jenereta. Nilimwomba dereva asubiri. Alinitazama, akazima injini. Nilibaki nikiisoma sentensi ile, nikijua kaka yangu bado anafuata maagizo ya zamani.

Jenereta ilipounguruma, seva ilichelewa kuamka. Sanduku langu la barua lilikuwa salama, halijaguswa. Tulivuta upya, tukalinganisha ukubwa wa faili pande zote mbili. Nikachomoa waya wa mtandao, nikafungua kila kiambatisho. Vyote vilifunguka.

Koboko nilimkuta kaka ameshika bilauri ya maji, vidonge viwili vyeupe kiganjani.

"Ngoja!" nilipiga kelele toka mlangoni.

Nikawasha laptopu juu ya kitanda cha mama. Nusu kidonge, daktari alikuwa ameandika, na asubuhi peke yake. Kaka aliketi chini sakafuni. Muuguzi jirani alikuja akasoma majibu ya vipimo mpaka mwisho, akampima mama, akabaki naye jioni nzima.

Uvimbe ulishuka polepole. Viatu vilipomtosha tena, mama alikwenda harusini kwa jirani, akakataa kushikwa mkono.