Njiwa kwenye Bati la Kabula

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja mume wangu Masanja alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na bati kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na huku kwetu Kishapu karibu kila nyumba ilikuwa ya nyasi. Nilikimbia kufagia uwanja. Mkokoteni ukapita mlango wangu, ukasimama kwa Kabula, mke mwenzangu mdogo.

"Nyumba yako bado ina nguvu," Masanja aliniambia. "Msimu ujao zamu yako."

Niliitika kwa kichwa. Moyoni sikuitika hata kidogo.

Ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Kusoma nilijifunza peke yangu, kwa vipande vya magazeti waliyofungia sukari dukani. Uwanja nilifagia, nikaurudia. Jani likidondoka nyuma yangu, nilirudi tena. Niliamini nikifanya kila kitu bila kasoro, hakuna atakayenipita. Basi Kabula, ambaye ugali wake ulikuwa na madonge, ndiye akapewa bati. Watu wakasema chanda chema huvikwa pete. Nikajiuliza, kwani changu kibovu?

Mvua ilinimaliza kabisa. Ilipogonga bati lile, kijiji kizima kilisikia; kwangu nyasi zilinyamaza. Masanja alipasua madebe, akatengeneza mlizamu wa kupeleka maji ya paa kwenye pipa. Kabula akawa na maji mlangoni, mimi najitwika mtungi kutoka kwenye visima vya mchanga mtoni.

"Dada, njoo uchote," aliniita.

"Maji ya mtoni yana ladha," nilimjibu, na shingo inaniuma.

Sasa nikwambie nilichofanya, maana nia mbaya huharibu. Niliacha kupepetea mtama nyuma ya jiko langu, nikahamia kando ya ukuta wa Kabula. Pumba na chenga niliziacha palepale. Mimi niliyefagia kila mahali, hapo sikufagia. Njiwa wakaja, na shomoro nyuma yao. Wakishashiba walipanda juu ya bati. Wakajenga viota kwenye mlizamu, na bati lililong'aa likapakwa mavi meupe, misumari ikaanza kushika kutu. Nililitazama kila asubuhi na roho yangu ikastarehe.

Kabula alicheka tu. "Dada, hata njiwa wanaijua nyumba nzuri!"

Siku hiyo nikaongeza konzi ya mtama mzima.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, pipa likajaa. Haikupita wiki, mwanawe Masele, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akashikwa na homa na kuhara. Macho yalizama. Na kadiri alivyokauka, ndivyo mama yake alivyomnywesha maji yale.

Kaka yake Kabula akaja. Mama mkwe wetu alikuwa mzee, macho yake mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa samadi ya kupikia, na siku hizo macho kama hayo yalitosha mzee kuitwa mchawi na kuuawa.

"Tunajua ni macho ya nani yanayomtazama mtoto huyu," kaka alisema, mkono wake kwenye panga.

Mama mkwe aliendelea kubambua karanga. Ila vidole vilikuwa vinakosa maganda.

Mwanangu, nilitaka kunyamaza. Nisikufiche hilo. Niliwaza watu wataniitaje, mimi nisiye na kasoro. Lakini nikamwona Kabula anapeleka kata ya maji mdomoni mwa mtoto. Niliipiga ikaanguka.

"Usimpe! Paa lina mavi ya ndege. Mimi ndiye niliyewaita!"

"Umewaita kwa dawa gani?" kaka akaniuliza.

"Kwa pumba," nikasema. "Pumba za mtama."

Hakuna aliyecheka. Kaka alipanda juu ya paa, akakuta mlizamu umeziba kwa mavi, na kinda lililooza katikati. Pipa likamwagwa. Masele akapelekwa kwa baiskeli kwenye zahanati ya wamisheni, akakaa siku nyingi, akapona.

Jioni mama mkwe aliniita. "Nilikuona siku ya kwanza unapepeta pale."

"Mbona hukunisema, mayo, mama yangu?"

"Nilidhani unafuata upepo. Sikudhani mtu mwenye uwanja safi hivyo anaweza kutunza uchafu ukutani kwa mwenzake."

Hakunigombeza zaidi. Kabula hakusema nami hadi mavuno. Bati langu lilichelewa miaka minne, na sikuuliza.

Basi, mwanangu, sikia. Kabla ya mvua, toa viota kwenye paa. Mavi makavu yaloweshe kwanza ndipo uyaondoe, vumbi lake lisiingie kifuani. Maji ya mvua ya kwanza yamwage, pipa lifunike, ya kunywa uyachemshe. Usimwage chakula ovyo ukutani, kwako wala kwa jirani. Na ukiona moyo unakuuma kwa cha mwenzako, mwambie mtu mapema, hata ukiona aibu. Mimi niliulisha wivu wangu kila asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyekaribia kulipa ni mtoto asiyejua hata kusema maji.

Mungu akujalie maji safi mlangoni, na akupe jicho linalofurahia bati la jirani.