Riwaya Yangu Haikuwa na Majirani

Riwaya yangu ya kwanza niliiandikia kwenye kota za shamba la ngano la serikali, kule Hanang, nilikokuwa napiga taipu ofisini. Ilikuwa ya mapenzi na hatari: binti anawindwa na dereva katikati ya ngano iliyokomaa, halafu mpelelezi mtanashati kutoka Arusha anatokea na bastola, anamwokoa, anamwoa. Mwenyewe nilijiona nimemaliza kazi.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa dada yangu. Alikuwa kitandani kwangu, mkono umefungwa plasta hospitali ya Haydom, kwa sababu mumewe, dereva wa trekta palepale shambani, alimvunja kwa mpini wa jembe. Kosa? Ugali ulikuwa wa moto. Ndiyo, wa moto! Tena alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja kumchukua mkewe, atake asitake, na sote tulijua safari hii angemuua. Dada akasoma kwa mkono mmoja, karatasi nyingine amezikalia zisipeperuke.

"Hapa panapotisha umeweza, mdogo wangu," akaniambia. "Anavyosikiliza viatu vya yule mwanamume nje, ajue leo amelewa au hajalewa. Hapa nimetokwa na jasho."

Nikavimba kichwa. Kumbe hajamaliza.

"Lakini huyu wa bastola katoka wapi? Na binti anapiga kelele kurasa nzima, hakuna hata mwanamke mmoja aliyeacha chungu chake jikoni akaja? Kwani anaishi mwezini?"

"Ni riwaya, dada. Si mkutano wa kijiji."

"Basi ni riwaya ya mtu atakayekufa."

Nilikasirika, jamani! Nikamnyang'anya karatasi zangu, nikatoka nje kuchambua maharage, nikiyatupa kwenye sufuria kana kwamba yamenitukana.

Jumapili iliyofuata, nimerudi tu kutoka kanisani, mume wa dada akaja. Hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke, bawaba zikang'oka. Nikasema, "Shemeji, tafadhali," akanibamiza ukutani, jino likatoka, nikalimeza pamoja na damu. Akamshika dada kwa mkono uleule uliovunjika, akamburuta sakafuni mpaka plasta ikapasuka. Ukelele ule wa dada ninao masikioni hadi leo. Nikachukua mchi wa kinu nikamtwanga nao mgongoni. Akageuka, akanipiga teke la tumbo, nikaishiwa pumzi. Akamtoa dada nje akimvuta kwa nywele.

Jirani yetu, mama wa Kibarabaig aliyekuwa akituuzia maziwa, akapiga yowe. Yowe likapokewa na boma la karibu, na la pili yake. Wanawake wakaja. Wengine na sketi zao za ngozi, wengine na khanga, wake za madereva na wake za makarani, wamebeba fimbo. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao: mwanamume akimdhulumu mwanamke, wao ndio wanaomhukumu, na wanaume hawaingilii. Shemeji alizaliwa kwenye maboma hayohayo, alilijua hilo vizuri. Bado akacheka. Akasema yeye ni mtu wa serikali, ana trekta, waende wakahukumu mbuzi wao.

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Aliyeipiga alikuwa mama yake mzazi.

Wakamshukia wote. Akapiga magoti, akainua mikono, hawakujali, wakamchapa mpaka shati likagandamana na damu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale mdomo unavuja nikipiga kelele, ongezeni, ongezeni! Kisha mama yake akainua fimbo, wakaacha. Akatoa hukumu: lile dume jeusi la ng'ombe alilokuwa akijivunia litachinjwa, na wanawake ndio watakaolila.

"Na huyu harudi kwako," akamwambia. "Ukimfuata, nitakulaani kwa ziwa hili nililokunyonyesha."

Hapo ndipo mwanamume yule alipolia. Akainuka, akaondoka akichechemea, hakuna aliyemsindikiza.

Dada hakurudi tena kwake. Riwaya niliiandika upya: viatu vya mlangoni nikaviacha vilivyo, mpelelezi nikamfuta yeye na bastola yake, nikaingiza wanawake. Ikawa nzuri kuliko ile ya kwanza, nasema bila haya. Lakini kuna kipande ambacho sijaweza kukiingiza. Kila nikikiandika, kinakuwa cha uongo.

Wenzake walipotawanyika, mama mkwe wa dada alikaa kizingitini petu akalia kwa sauti, maana aliyechapwa ni mwanawe. Dada akajikokota, akakaa kando yake, amekumbatia mkono wake mbovu.

"Shikamoo, mama," akasema, halafu akasita. "Au sasa nikuite nani?"

Yule mama akajifuta kamasi kwa kiganja, akamtazama.

"Kwani na mimi umeniacha?"