Jina Kwenye Kola ya Koti

Ukitaka nguo za majina makubwa Dar es Salaam, usiulizie soko. Ulizia maduka yenye kiyoyozi, ambako nguo tatu zinaning'inia kwenye ukuta mzima na mlinzi anakusalimia huku akikuangalia viatu. Mimi niliyazunguka Jumamosi nzima nikimtafutia mama koti zito. Jasho lilinitoka hadi kwenye kope, na kila nilipotaja koti la sufu walinitolea kitu chepesi cha kuvaa harusini.

"Dada, joto lote hili, koti la nini?" muuzaji mmoja aliniuliza. Nikamwambia ni la Njombe. Akacheka. "Basi umepotea njia. Makoti ya maana yote yanashukia Makambako."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nimekulia huko. Makoti ya Ulaya, hata yale ya wabunifu wanaotajwa kwa heshima, yanajaa Makambako kwa kuwa sisi ndio tunaoganda. Tatizo lilikuwa mama. Kifua kilimsumbua tangu mvua ziishe, daktari alishamwambia ajifunike vizuri, naye aligoma kuvaa mtumba. Kwake mtumba ni kafa Ulaya, kama walivyouita zamani: mwenyewe amekufa kule, nguo zimeletwa huku. Sweta aliweza kujifumia. Koti hakuweza, na baridi ya Juni haina adabu.

"Nitamvaaje mtu ambaye sikumzika?" aliniambia kwenye simu, kisha akakohoa mpaka nikaiondoa simu sikioni.

Nikapanda basi mikono mitupu. Makambako nikashuka, nikaingia kwenye mitumba, nikalipata: jeusi, sufu tupu, bitana laini, na ndani ya kola lebo ya mbunifu mmoja wa Italia, jina lake na la ukoo wake, yamefumwa kwa uzi wa dhahabu. Kule kwenye viyoyozi koti hilo ningeambiwa niliangalie kwa mbali. Hapa muuzaji alilivuta chini ya rundo, akalikung'uta kwa makofi mawili, akanitupia begani.

Nilifika Njombe ukungu umeshashuka hadi barazani. Sikumdanganya mama. Nilimwambia ni mtumba, nikajiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Mama, utakufa kwa ubishi."

Alilipeleka dirishani, akakunjua kola, akasoma silabi kwa silabi. Uso ukamlegea.

"Kumbe ana jina," akasema. "Basi anaweza kuombewa."

Nikaelewa taratibu. Mama alisoma bweni kwa masista, na huko kila msichana alishona jina lake kwenye kola ili nguo zisipotee kwenye kufua. Jina la kwenye kola ni la mwenye nguo. Hajui matumizi mengine. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba huyo ni mbunifu tu, tena huenda yuko hai na anakunywa kahawa yake. Akaanza kukohoa, kile kikohozi kirefu cha kushika ukuta. Nikaufunga.

Jumapili, kwenye misa, padri alisoma majina ya marehemu wa kuombewa. Baada ya marehemu wa vigango vyetu likafuata la Mwitaliano, limepindapinda kidogo kwenye ulimi wa padri. "Apumzike kwa amani," kanisa zima likaitikia. Na mimi niliitikia. Kicheko kilinipanda, kikageuka kitu kingine, nikainamisha kichwa. Pembeni yangu mama alilichukua koti mapajani, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.

Analivaa mpaka leo, hata jikoni. Kifua hakijapona, na kila simu ikiita kutoka nyumbani moyo wangu unaruka. Nilipomtembelea juzi nilimkuta ameketi juani, koti mapajani, anashona kitu chini ya ile lebo kwa uzi mweupe. Herufi zilikuwa kubwa, zinapanda na kushuka.

"Jina langu," akasema bila kuinua macho. "Siku ukilirudisha Makambako, atakayelinunua asipate shida ya kuulizauliza."