Nitumie Lokesheni ya Mama

Mama yangu amezikwa Kidichi, na mimi mwanawe wa pekee sijui kaburi lake ni lipi.

Naandika haya nikiwa ghorofa ya juu ya nyumba niliyoijenga Chukwani, mbele ya ukuta niliotundika diploma yangu. Sikurithi hata tofali moja la nyumba hii. Niliondoka Unguja na begi la nguo tatu, nikaosha vyombo Uingereza miaka minne, jioni nikisoma, hadi nikapata diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi. Darasani tulikuwa ishirini na sita na mimi nilitoka wa tatu, nao wenzangu lugha ile waliinyonya kwa mama zao. Leo mtalii akila samaki Uroa, ajue samaki huyo alilala kwenye baridi yangu. Naweza kusikiliza mashine kupitia simu nikajua kinachovuja ni kipi. Mtu wa namna hiyo anapotezaje kaburi la mama yake? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Kuna mtu mmoja tu aliyelijua kaburi hilo kwa hakika, naye ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama zetu walijifungua mwezi mmoja, milango inatazamana, katika mtaa wetu wa Mji Mkongwe. Mama yake aliugua homa ya uzazi, basi mama yangu akatunyonyesha sote wawili, mmoja kulia mmoja kushoto. Tulikua hivyo. Yeye akabaki mtaani anashona kofia za viua, kutwa amekaa barazani nje ya nyumba yao na sindano yake, na mimi nikaenda zangu duniani.

Nilipokuwa huko sikumwacha, wala sikuwaacha wenzetu wa barazani. Mimi ndiye niliyefungua kundi la baraza letu kwenye simu, mimi nikamwingiza kila mtu, mpaka muuza kahawa ambaye wakati ule hata hajui kuandika ujumbe. Alfajiri ya kwetu, kule bado usiku, nilikuwa wa kwanza kusalimia. Nilijua nani kafunga sita ya Shawali, nani kaoa tena kwa siri, nani kaendeshwa na urojo. Watu niliokaa nao kule walikuwa wakilia upweke, na mimi nikiwacheka. Nilikuwa na baraza langu mfukoni.

Kisha mama akafa. Ilikuwa asubuhi, na kwetu maiti hasubirishwi. Baada ya Alasiri anazikwa. Hakuna ndege ambayo ingenifikisha. Nilikuwa kazini, ndani ya chumba cha baridi cha duka kubwa, na nikakaa juu ya kasha la kuku waliogandishwa, nikampigia muuza kahawa simu ya video. Aliishika simu njia nzima mpaka Kidichi, kijijini kwao mama, alikotaka azikwe. Niliona jeneza linavyopita mikononi. Niliona mikarafuu. Niliona migongo.

"Sogea mbele," nilimwambia. "Naona kanzu tu."

Akasogea. Ndugu yangu wa kunyonya alikuwa ameshateremka kaburini kumpokea, kwa kuwa kwa ziwa lile yeye ni maharimu wake kama mimi. Juu ya kaburi watu wanne walikuwa wameshika shuka ya kijani kwenye pembe. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Mwanamke akiteremshwa husitiriwa, hata umbo lake lisionekane na macho ya watu. Mwenyewe niliwahi kushika pembe alipozikwa bibi. Lakini siku ile, nikiwa juu ya kasha la kuku, nilichoona ni shuka tu, na mama yangu yuko chini yake anakwenda zake.

"Hiyo shuka inueni kidogo!" nilipiga kelele. "Sioni!"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Makaburi yote yalisikia. Shuka haikutikisika. Mzee mmoja alisema, "Izimeni hiyo." Hapo hapo mtandao ukaganda, ikabaki picha moja, kipande cha shuka na shina la mkarafuu lililopinda. Niliihifadhi picha hiyo. Ndiyo maziko yangu.

Kwenye kundi hakuna aliyelitaja jambo lile. Walinitumia dua, mikono, maua. Ndugu yangu aliandika, "Mama kasitirika, alhamdulillahi." Nikaridhika. Tuliendelea kuchati kila siku, na mimi nikadhani mtu anayekujibu kila siku hana kitu moyoni.

Baada ya miezi minane nilirudi moja kwa moja. Siku ya kwanza nilikwenda barazani na mabegi, nikagawa manukato, nikapigwa picha. Ndugu yangu alinikumbatia, akanishika mkono akawa hauachii.

"Kesho twende kwa mama," alisema.

"Kesho nna watu wa hoteli Uroa. Wiki ijayo."

Wiki ijayo kulikuwa na umeme wa nyumba. Iliyofuata ilikuwa na mashine zilizokwama bandarini. Kutoka Chukwani mpaka mtaani kwetu ni mwendo mfupi kwa gari, na gari nilikuwa nalo, lakini nilizoea kukaa na wenzangu kwenye simu. Niliwasalimia alfajiri kama nilivyowasalimia kutoka ng'ambo. Mtu angesoma kundi lile asingejua kwamba nimerudi.

Ujumbe wangu na wake wa wakati ule bado ninao.

"Yakhe, nitumie lokesheni ya kaburi la mama."

"Njoo twende pamoja."

"Wiki hii siwezi. Nitumie tu, nitafika mwenyewe."

"Si pa kutumiana pale. Njoo nikupeleke."

Nikamtumia kikatuni cha kucheka. Nikaomba tena baada ya siku mbili, na tena. Mara ya nne lokesheni ikaja, bila neno.

Ramadhani ilikuwa inakaribia, na nilitaka ikifika mama awe na kaburi la heshima. Niliagiza jiwe la marumaru nyeupe, jina lake limechongwa kwa herufi za dhahabu, na chini yake jina langu, mwanawe. Sijui kaburi jingine pale Kidichi lenye jiwe kama lile. Nilikwenda na mafundi wawili. Lokesheni ilitufikisha pembeni ya makaburi, nikatoa ile picha yangu iliyoganda, nikatafuta mkarafuu uliopinda, nikauona. Chini yake kulikuwa na safu ya makaburi yaliyodidimia, na moja lilikuwa limeinuka kidogo kuliko mengine. Nikasema hili. Nililisema kama ninavyosema mbele ya mashine, bila kusita.

Mafundi waliuliza, "Tusafishe mpaka wapi?"

"Safisheni safu nzima. Nataka paonekane."

Wakang'oa vichaka. Mawe ya matumbawe yaliyozagaa wakayafanya kifusi cha msingi. Jioni nilipiga picha ya jiwe langu na anga ya bluu nyuma yake, nikaitia kundini. Dua zilishuka kama mvua. Ndugu yangu hakuandika kitu. Alinipigia simu, nikaikata nikaandika, "Niko kikaoni, andika." Akapiga tena, nikakata tena. Hakuandika.

Siku ya tatu nikapigiwa na mwanamke wa Kidichi, mtu mzima kwa sauti yake. Namba aliipata kwa mafundi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndo mwenye lile jiwe?"

"Ndimi, Bi," nikajibu kwa fahari, nikingojea shukrani.

"Basi njoo ulichukue. Mume wangu miaka sita yumo mle. Keshakuwa mama wa mtu?"

Nilikwenda siku ile ile. Bi yule alinipokea na wanawe wawili, na hakunitukana. Ingekuwa nafuu kama angenitukana. Alilitazama jiwe, akasema, "Zuri. Lakini marehemu hakuwa mtu wa makuu." Wanawe walinisaidia kulivunjia msingi. Niliondoka na jina la mama yangu nyuma ya gari, limelala chali, limepasuka kona.

Kutoka Kidichi sikupita nyumbani. Niliacha gari mwanzo wa mtaa, nikaingia barazani kwa miguu yangu. Walikuwepo wote, kahawa inamiminwa, na mmoja akaniona tangu mbali.

"Admini huyo! Leo kaingia kwa mlango wa mbele!"

"Mpisheni mgeni wa Chukwani," mwengine akasema. "Mtandao umekatika kwake?"

Walicheka, na kwenye kundi ningejibu kwa mzaha uleule. Barazani nilisimama tu. Kucheka kwao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja pembeni, walisogeana nikae, na mimi sikujua miguu yangu niiweke wapi. Ndugu yangu alikuwa na kofia gotini. Hakuinua macho, sindano inaingia, inatoka.

"Nimekosea kaburi," nikamwambia.

Muuza kahawa akaacha kumimina, akaweka dele lake chini.

"Najua," ndugu yangu alisema. "Picha niliiona, na aliyelala pale namjua. Nilikupigia."

"Ungeandika!"

"Niandike nini? Nikwambie mbele ya watu wote kundini kwamba umemjengea mama yetu kwa mume wa mtu?" Akavuta uzi. "Tangu ile siku ya kwanza nimekwambia njoo."

"Lakini lokesheni ulinitumia mwenyewe."

"Ndani ya makaburi mtandao wa kusuasua, yakhe, kama ulivyoganda siku ile. Nilitoka mpaka njiani ndo ikakubali. Nikajua utafika njiani, utanipigia, ntakuja. Hukupiga."

Nilimwambia twende, sasa hivi, gari iko pale. Nilimwomba kwa ziwa la mama. Sijawahi kumwomba mtu hivyo, wala mwajiri wala mtu wa ubalozi. Akachoma sindano kwenye kofia, akasimama.

Tuliiacha barabara kubwa.

"Siku ile nilikusikia," alisema. "Niko chini ya shuka, kichwa cha mama kipo mkononi mwangu, namlaza ubavu. Nikasikia sauti yako juu, inueni. Nikasema moyoni, ya Rabi, wasimtii."

"Nilitaka kumwona tu."

"Najua. Ndo maana sikukwambia."

Tulifika Alasiri imeshasaliwa. Alivua viatu pembeni, akaingia mbele yangu kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda, akaukuta ule mkarafuu, akashika safu. Kisha akasimama. Akarudi hatua mbili. Akainama, akapapasa udongo kwa kiganja kama anatafuta sindano iliyoanguka.

"Mrehani uko wapi?" aliuliza.

"Mrehani gani?"

"Niliupanda kichwani. Kila Alhamisi nakuja kuumwagia maji. Na mawe matatu ya matumbawe nimeyazungusha." Akaniangalia. "Hapa palikuwa na mrehani mkubwa, yakhe. Unanukia mpaka njiani."

Nikamwonesha msingi uliovunjwa, mita chache kutoka pale. Ndani ya saruji mawe ya matumbawe yalikuwa yanaonekana, meupe. Mrehani sikuweza kumwonesha. Ulikwenda na vichaka.

Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata utotoni. Alikaa chini kwenye udongo akajaribu kukumbuka kwa mwili. Alisema aliposimama kaburini uso wake ulikuwa umeelekea shina lile. Akasimama hapa, akageuka, akasimama pale, mikono ameinyoosha kama amembeba. Mvua za masika zilikuwa zimelaza udongo wote sawasawa. Makaburi mawili yalikuwa mbele yake, yamekaa kama mapacha.

"Ni hili," alisema. Kisha, "Au lile. Wallahi, nilikuwa nautegemea mrehani. Sikuwahi kuhesabu."

Nilikwenda kwa mchimba kaburi, akaniambia tangu siku ile keshachimba mengi. Niliwauliza walioshika shuka, mmoja mmoja, nyumbani kwao, mlango kwa mlango. Wote wananiambia upande ule, chini ya mkarafuu. Nilimtafuta muuza kahawa nikamuuliza kama alirekodi. Hakurekodi. Nina simu tatu, na ndani yake nina miaka ya salamu za alfajiri, maelfu ya mikono na maua. Nimezipekua zote. Hakuna hata picha moja yenye mrehani, kwa sababu aliyeupanda hakupiga picha, alikwenda tu na ndoo yake.

Kilichonibakia cha kaburi la mama ni ile picha yangu ya shuka, na ndugu yangu, basi. Kila Alhamisi namfuata barazani. Sitangulizi ujumbe, nafika, nasalimia, nakaa mpaka amalize kiua alichoanza, wananitania, kisha tunaondoka. Alhamisi ya kwanza alisema ni la kushoto, nikalia juu yake. Ya pili alisema hapana, la kulia, sasa ana hakika, nikalia na hapo. Ya tatu hakusema kitu.

Nimenunua miche miwili ya mrehani. Iko hapa kibarazani, ghorofani kwangu, kwenye makopo, inaanza kunyauka. Nikiipanda yote miwili nitakuwa nimekiri kwamba sijui, na kila atakayepita ataona. Nikipanda mmoja, huenda nikampa mgeni nikamnyima aliyeninyonyesha. Wiki hii, tukiwa makaburini, nilimuuliza ndugu yangu tufanyeje. Alikuwa ameshafungua msahafu. Akaniambia nisome tu, mama anasikia. Nikaanza Yasini nimesimama baina ya makaburi mawili, na sikujua uso niuelekeze wapi.