Kanda ya Harusi ya Balqis

Khole binti Muslim alikuwa na kazi mbili, na kaka yake Hamoud aliipenda moja tu. Asubuhi alipiga chapa wizarani, kazi ya heshima yenye kiyoyozi na pensheni. Alkhamisi aliimba taarabu kwenye harusi za watu wa Unguja waliohamia Maskati, mbele ya wanawake peke yao, nywele wazi na gauni la kumeremeta. Hiyo ya pili ndiyo aliyoiishi. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, na alishatimiza miaka thelathini na minane, umri ambao jamaa hukuangalia kwa huruma ya kuudhi. Akishika kipaza sauti, hakuna aliyethubutu kumhurumia.

Harusi hizo zilikuwa na sharti moja lisilojadiliwa. Mwanamume haingii, kamera za wageni huachwa mlangoni, na kanda ya video, ambayo hupigwa na mwanamke, hukabidhiwa mama wa bibi harusi kabla watu hawajatawanyika. Mpigaji alikuwa Mahbuba, mke wa Hamoud, aliyekaa nyumba moja na Khole, mtu mwema asiye na kumbukumbu hata chembe. Mwaka 1993, kwenye harusi ya Balqis, kanda ilimwishia, Khole akiwa ndiyo kwanza anaanza wimbo wa mwisho. Mkobani mwa Mahbuba mlikuwa na kanda nyengine, filamu ya Kitaliano aliyotakiwa kuirudisha dukani Matrah siku ileile. Akaipeleka mbele mpaka pale filamu ilipokwisha, akaendelea kupiga. Kisha akasahau, akarudi nayo nyumbani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ovyo, ila ovyo la kifahari: mapazia mekundu, ngazi za marumaru, mcheza dansi mzuri anayewindwa na muuaji aliyevaa glavu, na kila maiti imelala kwa madaha. Hamoud alizipenda filamu za namna hiyo. Mwanamke kuimbia wanawake wenzake ndiko kulikomkera.

Simu ya kwanza ililia wiki mbili baadaye, baada ya alasiri, Khole amevua viatu tu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole.

"Gauni la kijani limekukaa," ilisema. "Ila nywele zako zataka kukatwa. Ukiimba tena, ntakuja nizikate mwenyewe."

Simu zikafuatana. Gari jeupe nalo likaanza kuiandama teksi yake kutoka Ruwi mpaka karibu na bandari. Khole aliogopa, na ule woga ukampandisha hasira, maana hakuwahi kujijua kuwa mwoga. Alipomweleza Hamoud, Hamoud aliendelea kumenya chungwa.

"Acha kuimba," alisema. "Asiyekuona hatokutaka."

Khole akampelekea salamu Bi Nasriya, aliyekuwa anamwoza binti yake Alkhamisi inayokuja, kwamba koo linamuuma, watafute mwengine. Alikwenda kulia chooni, bomba ameliacha wazi ili asisikike. Alijua mwimbaji akikosekana harusi mbili tatu, watu hawamwiti tena.

Simu ya mwisho ndiyo iliyomfungua macho.

"Kwenye filamu, yule mcheza dansi anakufa," sauti ilimwambia. "Kisha unatokea wewe. Nilidhani kafufuka."

Khole alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Wifi, harusi ya Balqis uliimalizia kwenye kanda ipi?"

Mahbuba alishika kichwa, akaketi juu ya gunia la mchele.

Asubuhi yake walikwenda Matrah pamoja. Mwenye duka alikuwa bado na uchungu. Filamu ile haikurudi, alisema. Hamoud alikuja akadai imepotea, akamletea nyengine badala yake. Wakatoka dukani. Ikiwa kanda haikutoka nyumbani kwao, basi aliyeitazama aliitazama nyumbani kwao.

Majlisi ya Hamoud, chumba cha kupokelea wageni wanaume, ilikuwa na mlango wake wa nje. Miaka sita Khole alimpikia kahawa Saeed, rafiki wa kaka yake, akaliacha sinia mlangoni, akagonga, akaondoka. Alijua Saeed anapenda halua yenye lozi, lakini sauti yake hakupata kuisikia zaidi ya kikohozi. Jioni hiyo aligonga na hakuondoka.

"Leo halua hamna?" mgeni aliuliza ndani, kwa sauti ileile ya upole ya kwenye simu.

Khole akasukuma mlango. Mwanamke wa nyumba ile hakuwahi kuingia mle wageni wakiwamo, na Saeed aliinuka kama aliyemwagikiwa maji ya moto.

"Sema tena habari za nywele zangu," Khole alimwambia. "Mwenye nyumba yupo, na asikie."

Saeed alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Hamoud.

"Mimi nlimwambia akupigie," alisema Hamoud. "Kanda ilipofika pale tulikuwa sote humu. Nliizima upesi, lakini keshakuona. Miaka nnakwambia uache, hunsikii. Nkasema labda hofu itakufaa."

"Na gari?"

"Lake. Nlimwomba mimi."

Saeed akatoka bila kuaga. Khole akanyanyua simu palepale mbele ya kaka yake, akampigia Bi Nasriya kumwambia koo limepona. Alkhamisi aliimba mpaka mafundi wa kike wa udi na fidla wakamwomba wapumzike.

Kesho yake Hamoud aliingia sebuleni kama kawaida. Khole akavuta ushungi, akajifunika nywele, akajifunika na uso, vile ajifunikavyo mwanamke mbele ya mwanamume asiye nduguye.

"Bi Khole," Mahbuba alinong'ona, "si kaka'ko huyu wa tumbo moja?"

"Kaka hunilinda na wanaonipigia simu," alisema Khole. "Huyu ndiye aliyewapa nambari."

Hamoud alisimama pale muda mrefu, akimngoja. Khole hakujifunua mpaka alipoondoka, wala siku ya pili yake, wala katika miaka kumi na moja waliyobaki chini ya dari moja.