Mimi Nilipewa Mkia

Enzi zetu pale mtaani Laini Saba, ndege ya kivita hukuitafuta dukani. Uliingoja angani. Sherehe za taifa zikikaribia, ndege za jeshi zilifanya mazoezi juu ya jiji, nasi tukakaa kando ya reli hadi shingo zikauma. Zilipita kasi mno, ukipepesa macho zimekwenda, kwa hivyo tuligawana: huyu aangalie pua, yule mabawa, mwingine tumbo. Mimi nilipewa mkia. Zikishapita, tulikusanyika tukachora mavumbini, kila mtu sehemu yake, tukibishana hadi mate yanaruka.

Kisha tulikata mkebe wa mafuta ya kupikia na kuunganisha vipande kwa msumari na jiwe, huku visamaki vya omena vya jirani vikinukia hadi njaa inatukumbusha kurudi nyumbani. Nilikuwa hodari kuliko wavulana wote, na vidole vyangu vilijaa makovu. Mama alipoyaona alisema, "Msichana na bati wapi na wapi? Nani atakuoa na mikono ya fundi?" Akainyakua ndege yangu, akampa kaka yangu Wekesa, ambaye pua aliyoichora ilikuwa kama ya nguruwe.

Wekesa sasa anaishi Kawangware, karibu na steji ya matatu ya 56. Jumapili iliyopita nilimtembelea, na kabla sijaketi binti yake Nafula akanivuta mkono.

"Anti, niaje! Kuja uone jet yetu. Mimi na daddy tumemaliza kuiunganisha jana. Sema ukweli, iko aje?"

"Uliza huyo," Wekesa akasema. "Huyo ndiye alikuwa fundi wetu."

Sasa ndipo anasema, baada ya miaka yote hiyo!

Ilikuwa ya plastiki, ya kijivu, imetoka kwenye boksi ikiwa vipande vidogo vidogo na michoro ya kuelekeza. Watoto wa siku hizi hata kubishana hawana haja, kila kitu kimechorwa. Niliigeuza mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani niliona ndege ile nzima, imetulia, hainikimbii. Mkia ulikuwa sawa kabisa. Magurudumu yalisimama vizuri, stika zilikaa bila mikunjo, rangi haikuvuja popote. Nikaona wivu. Kumwonea mtoto wa kaka yangu wivu ni aibu, najua, lakini nilitamani nipate kasoro niitaje kwa sauti.

Nikaipata. Kwenye kioo cha rubani gundi ilikuwa imechafuka, na ndani yake alama ya kidole kinene.

"Hapa mmeharibu," nikasema. "Kioo kimechafuka. Hii haitoki tena."

Nilidhani atanuna. Nafula alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Hiyo ni kidole ya daddy! Si nilimshow asiguse? Wacha ikae tu, anti."

Nikairudisha mezani polepole.

Tukikutana wa rika langu husema enzi zetu ndizo zilikuwa tamu, na watoto wa sasa hawajui kutengeneza kitu. Mimi pia husema hivyo, tena kwa sauti ya juu. Lakini ndege zetu nazikumbuka zote, na hakuna hata moja ambayo baba yetu aliwahi kuigusa.